Muda na modi kwenye draiva za kadi za Wi-Fi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa wanaofunga na kurekebisha Wi-Fi huku kusini: mafundi wa ruta, walimu wa kompyuta, na makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) waliobebeshwa kazi ya mtandao kwa sababu tu ndio wanaojua kuwasha laptopu ya ofisi. Mifano mingi ni ya Linux na OpenWrt (Linux ya ruta), maana huko ndiko draiva, programu inayoiendesha kadi, inakoruhusu mtu aguse ndani. Windows ina swali lake huko chini.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usipoteze muda kuutafuta. Mipangilio ya muda ni mingi, lakini unaostahili kuguswa kwa mkono ni mmoja, basi wawili. Shida nyingi zinazoletwa kwangu kwa jina la "timing" ni za modi, au za kadi kusinzia ili ibane umeme, au za antena.

Muda gani huo? Mbona saa ya laptopu yangu iko sawa?

Si saa ya ukutani. Kadi za Wi-Fi zinagawana hewa moja, kwa hiyo lazima kila moja ijue isubiri kiasi gani kabla ya kusema, na ikishasema isubiri jibu kwa muda gani. Hesabu hizo ni za mikrosekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara milioni.

Ya kwanza ni sloti, kipande kidogo kabisa cha kungojea zamu. Kwa vifaa vya zamani vya 802.11b (802.11 ni kiwango cha Wi-Fi, herufi ni toleo lake) ni mikrosekunde 20. Kuanzia 802.11g, na kwenye 5 GHz yote, ni 9. Ya pili ni SIFS, pumziko fupi kati ya fremu (kifurushi kimoja cha data hewani) na jibu lake: 10 kwenye 2.4 GHz, 16 kwenye 5 GHz. Ukijumlisha SIFS na sloti 2 unapata DIFS, subira ya anayetaka kuanza kusema: 28 kwa 802.11g, 34 kwa 5 GHz, 50 kwa 802.11b. Ya mwisho, na ndiyo itakayotushughulisha zaidi, ni muda wa kusubiri ACK, ule ujumbe mfupi wa kusema "nimepokea".

Draiva inaingiaje hapo? Si chipu inajifanyia yenyewe?

Kujibu ndani ya mikrosekunde 10 ni kazi ya chipu, hakuna programu ya kompyuta inayoweza kukimbia hivyo. Draiva inaandika tu kwenye rejista za chipu: sloti iwe kiasi gani, ACK isubiriwe mpaka lini, modi iwe ipi. Kadi zinatofautiana hapo. Zile zinazoendeshwa na ath9k, draiva ya chipu nyingi za Atheros za enzi ya 802.11n, zinakuachia karibu kila kitu, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na keneli, yaani kiini cha Linux, kupitia sehemu yake iitwayo mac80211. Kadi kama ile ya ndani ya Raspberry Pi, inayotumia brcmfmac, kazi karibu yote iko kwenye famuwea, programu iliyo ndani ya chipu yenyewe. Hapo draiva ni tarishi tu, inapeleka ombi, na famuwea ikikataa imekataa.

Kwa hiyo kabla ya kununua kadi kwa ajili ya kiungo cha mbali, uliza inatumia draiva gani. Jina la kampuni kwenye boksi halikusaidii, maana kampuni moja hubadilisha chipu ndani ya boksi lilelile bila kubadilisha picha ya nje.

Fundi, tumeunganisha Shangani na Msangamkuu, ng'ambo ya maji. Signo ni nzuri lakini kasi ni ya konokono. Kwa nini?

Hili ndilo swali lenye nyama, tukae nalo kidogo.

Mawimbi ya redio hukata mita 300 kwa mikrosekunde 1. Nyumbani, mita 20 ni kama hakuna safari. Lakini tuseme kutoka mlingoti wako mpaka wa ng'ambo ni kilomita 2 hewani (pima mwenyewe kwenye ramani ya setilaiti, usikadirie kwa jicho la mwenye pantoni). Fremu inakwenda mikrosekunde 6.7, ACK inarudi 6.7 nyingine. Jumla 13.3. Kadi yenye sloti ya 9 haikupangiwa kusubiri kiasi hicho. Inaona kimya, inahesabu kwamba fremu imepotea, inaituma tena. Kumbe ya kwanza ilifika salama na ACK iko njiani. Inatuma tena, na tena. Kisha programu ya kuchagua kasi inaona "upotevu" ni mkubwa, inashusha kasi hadi chini kabisa, na hali inazidi kuharibika.

Dalili zake unaziona kwa amri hii:

iw dev wlan0 station dump

Kiungo chenye ugonjwa huu kinatoa kitu cha namna hii:

signal: -61 dBm
tx packets: 48210
tx retries: 39877
tx failed: 1204
tx bitrate: 6.5 MBit/s MCS 0

Soma mistari hiyo kwa pamoja. Signo ya -61 ni nzuri, inatosha kabisa kwa kasi za juu. Lakini marudio yanakaribia idadi ya pakiti zenyewe, na kasi imeganda kwenye MCS 0, ngazi ya chini kabisa. Signo ingekuwa -85 ningekuambia panda juu ukanyooshe antena. Ikiwa nzuri hivi na marudio ni mengi hivi, mshukiwa wa kwanza ni muda wa ACK, na wa pili ni kelele za wengine kwenye chaneli hiyohiyo.

Dawa ni kuiambia draiva umbali:

iw phy phy0 set distance 2000

Namba ni mita. Kwenye OpenWrt iandike kwenye mipangilio ili ibaki:

uci set wireless.radio0.distance='2000'
uci commit wireless
wifi reload

Fanya hivyo pande zote mbili. Kila upande unasubiri ACK ya mwenzake, kwa hiyo ukirekebisha mmoja tu, data ya kwenda itapita na ya kurudi itaendelea kusuasua. Nimeona kiungo kilicholaaniwa miezi kwa sababu mtu wa ng'ambo hakuwa na nywila ya ruta yake.

Ndani yake inafanya nini hasa nikiandika umbali?

Linux inageuza mita kuwa daraja, kila daraja ni mita 450, na kila daraja linaongeza mikrosekunde 3. Mita 2000 zinatoa daraja la 5, yaani mikrosekunde 15 za ziada. Kwenye ath9k nyongeza hiyo haiingii kwenye ACK peke yake, sloti yenyewe inarefuka: 9 inakuwa 24.

Hapo ndipo penye gharama. Kadi ikitaka kusema hungojea idadi ya sloti ya kubahatisha, kuanzia 0 hadi 15 kwa kawaida, wastani 7.5. Kwa sloti ya 9 hiyo ni kama mikrosekunde 68. Ukiandika kilomita 9, daraja ni 20 na sloti inafika 69, wastani wa kungoja unapita mikrosekunde 500. Kwa kiungo cha kilomita 9 kweli, unalipa kwa sababu huna namna. Kwa kiungo cha kilomita 2 ulichokiandikia 9 "ili kuwe na nafasi", unatupa kasi bure.

Basi niandike umbali kamili, au nizidishe kidogo?

Zidisha kidogo, asilimia 10 hivi, usizidi. Pungufu ni mbaya kuliko zaidi: ukipunguza chini ya umbali halisi kiungo kinaanguka ghafla, ukizidisha kinapungua taratibu.

Nimesikia kuna `auto`. Si niiweke tu nilale?

Ipo: `iw phy phy0 set distance auto`. Draiva inapima yenyewe ACK zinachukua muda gani kurudi, kisha inajirekebisha. Utaikuta kwenye ath9k, na si kila keneli imejengwa nayo. Inafaa pale AP moja, yaani kifaa kinachorusha mtandao, inapohudumia wateja wa umbali tofauti ambao hujawapima. Kwa kiungo cha nukta mbili ambazo hazihami, mimi naandika namba. Mlingoti hautembei.

Na kutoka ukingo wa Newala kuteremka bondeni, kilomita 20 na zaidi?

Kiwango cha 802.11 chenyewe kinaishia daraja la 31, karibu kilomita 14. Linux inakubali uandike hadi mita 114750, lakini chipu na draiva zina mipaka yao. Kwa kilomita 20 sloti inapanda hadi mikrosekunde 144, na Wi-Fi ya kawaida inatumia muda mwingi kusubiri kuliko kusema. Umbali huo nunua vifaa vinavyopeana zamu kwa ratiba badala ya kubahatisha. Usiniletee kadi ya USB na antena iliyoandikwa "100 km" kwenye nailoni yake.

Kiungo chetu cha kuvuka maji kinakufa na kufufuka chenyewe kila siku. Nimebadilisha umbali mara nyingi, wapi. Tatizo ni draiva?

Kwanza niambie: kinakufa saa ileile kila siku, au kila siku kinachelewa kwa kitu kama dakika 50? Kikichelewa hivyo, acha draiva ipumzike. Unapigana na bahari.

Wavuvi wa Lindi na Mikindani hawahitaji kuelezwa maji kujaa na kupwa, ila wachache wanajua kwamba redio nayo inayaona. Mawimbi yako yanafika ng'ambo kwa njia mbili: moja inanyooka hewani, nyingine inagonga uso wa maji na kuruka. Zikifika pamoja kwa mpangilio mzuri zinasaidiana, kwa mpangilio mbaya zinafutana. Tuseme antena zote mbili ziko mita 12 juu ya maji yaliyokupwa, umbali kilomita 2. Njia ya kugonga maji ni ndefu kuliko ile nyofu kwa sentimita 14 tu. Maji yakipanda mita 3, tofauti inashuka hadi sentimita 8. Kwenye 5.8 GHz urefu wa wimbi ni sentimita 5 na kidogo, kwa hiyo kati ya 14 na 8 kuna mahali tofauti hiyo inapita kwenye wimbi 2 kamili, na kwa kuwa wimbi hupinduka likigonga maji, hapo ndipo ishara inapofutika. Utaona kiungo kinaanguka maji yakiwa yamepanda kama mita 2 kasoro, kinapona yakizidi kujaa, kisha kinaanguka tena yakipita palepale wakati wa kupwa. Siku za bamvua maji yanapita hapo haraka. Siku za maji mafu, yanaposogea kidogo tu, yanaweza kuganda karibu na kina hichohicho, na kiungo kinasinzia kutwa nzima huku mteja akikupigia simu.

Pima usibahatishe. Weka kazi kwenye cron (kiratibu cha kazi cha Linux) iandike signo kila dakika 5, iache kwa wiki 2 ili upate bamvua moja na maji mafu moja, kisha linganisha na jedwali la maji la bandari. Ukipata ulinganifu, dawa ni ya kupanda ngazi: badilisha urefu wa antena moja, au ishushe nyuma ya ukingo wa paa au mwamba ili isione uso wa maji bali ione antena ya mwenzake tu, au weka antena ya pili kwa urefu tofauti. `distance` haitibu hili. Wala muda mrefu kati ya alama za data hautibu, nitaueleza hapo chini.

Na ukiwa huko juu, angalia viungio. Chumvi ya bahari inakula kiungio kisichofungwa vizuri, nacho huleta dalili zinazofanana na zote zilizoandikwa humu.

Modi ni nini, na zipo ngapi?

Modi ni kazi ambayo kadi imepewa hewani. `managed` ni mteja, hii ndiyo laptopu ya kawaida. `AP` ni anayerusha mtandao. `IBSS` ni vifaa kuongea vyenyewe bila AP, na siku hizi haitumiki sana. `mesh point` ni vifaa kupitishiana data kwa mnyororo. `monitor` ni kusikiliza kila kinachopita bila kujiunga popote. Kadi inaweza nini na haiwezi nini, uliza hivi:

iw list

Tafuta sehemu ya `Supported interface modes`. Kama `AP` haimo kwenye orodha, hakuna amri wala video ya mtandaoni itakayoiingiza. Ni draiva nyingine au kadi nyingine.

Kuhusu `monitor`: sikiliza mtandao wako au ule ulioruhusiwa kwa maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kunasa mawasiliano ya watu, na kujitetea kwamba ulikuwa unajifunza si kinga.

Nikijaribu kubadilisha modi naambiwa `Device or resource busy`. Nani ameishika?

Wewe mwenyewe, au NetworkManager kwa niaba yako. Kadi nyingi hazibadilishi modi zikiwa zimewashwa. Mtoe kwanza msimamizi, zima, badilisha, washa:

nmcli device set wlan0 managed no
ip link set wlan0 down
iw dev wlan0 set type monitor
ip link set wlan0 up

Ukipata kosa namba -16 ndiyo hiyo ya kushikwa. Ukipata -95, draiva haijui kabisa ulichoomba. Ukitajiwa RF-kill, tafuta kitufe cha kuzima Wi-Fi pembeni mwa laptopu, au andika `rfkill unblock wifi`. Usizichanganye namba hizi, kila moja ina mlango wake.

Na AP haiwekwi kwa `iw ... set type`. Utaambiwa unahitaji programu ya usimamizi, nayo ni hostapd. AP si modi tu, kuna bikoni (fremu fupi za kusema mtandao upo) za kutangaza, watu wa kuwapokea na funguo za kugawa, na hostapd ndiyo inayofanya kazi hiyo. Maelezo ya zamani ya `iwconfig wlan0 mode master` yaache, ni ya enzi ya draiva ambazo hazipo tena.

Laptopu ya shule inapata intaneti kwa Wi-Fi ya simu. Inaweza kuirusha tena kwa Wi-Fi kwa wanafunzi?

Inaweza, mwalimu, kama kadi inaruhusu modi 2 kwa pamoja. Kwenye `iw list` soma `valid interface combinations`. Nyingi zinasema `managed` na `AP` pamoja lakini zinamalizia na `#channels <= 1`. Maana yake redio ni moja na haiwezi kukaa chaneli mbili. Simu ikiwa chaneli 6, hotspoti yako nayo iwe 6. Simu ikihama, hotspoti inaanguka. Na kasi inagawanyika, kwa sababu kila pakiti inapita hewani mara 2. Kebo ya USB kutoka kwenye simu inaondoa usumbufu wote huu kwa bei ya kebo.

Nimeweka ruta ya pili kama mteja ili niunganishe kamera za ghala. Ruta ina intaneti, kamera hazina. Kwa nini?

Kwa sababu mteja wa kawaida wa Wi-Fi anatuma fremu zenye anwani 3, na hakuna nafasi ya kutaja kifaa kilicho nyuma yake. AP inamjua mteja mmoja tu, ruta. Kamera zilizo nyuma hazina pa kuandikwa. Washa anwani 4 pande zote mbili. Kwenye OpenWrt ni `option wds '1'` kwenye AP na kwenye mteja. Kwenye Linux tupu ni `iw dev wlan0 set 4addr on` kabla ya kuiingiza kwenye daraja la mtandao (bridge). Ikiwa AP ni ya kampuni nyingine na huna ruhusa nayo, tumia ruta yako kama ruta kweli, na kamera zikae kwenye mtandao wake wa ndani.

Msimu wa korosho ofisi ikijaa, mtandao unakwama. Nipunguze muda wa bikoni?

Hapana. Bikoni hutoka kila vipande 100 vya mikrosekunde 1024, yaani milisekunde 102.4. Ukiipunguza unaongeza kelele, hupati kasi.

Angalia kwanza kama umeruhusu 802.11b. AP inayoihudumia hutangaza bikoni kwa 1 Mbps. Bikoni ya baiti 250 kwa kasi hiyo inakaa hewani zaidi ya milisekunde 2, karibu asilimia 2 ya muda wote, kwa jina moja la mtandao. Sasa hesabu majina yanayoonekana kwenye simu yako ukisimama sokoni: yakiwa 10 kwenye chaneli moja, hewa imeliwa zaidi ya asilimia 20 kabla hajatuma mtu kitu. Juu ya hapo, akiingia mteja mmoja wa b, sloti inarudi 20 kwa wote na wengine wanalazimika kutanguliza fremu za kujikinga ili yeye aelewe. Kwenye OpenWrt hakikisha `legacy_rates` ni 0. Atakayelalamika ni printa ya zamani, nayo ivutie waya.

Kama ghala limejaa magunia mpaka juu, kuna jambo la pili. Karani wa upande huu hamsikii wa upande ule, ingawa AP iliyo katikati inawasikia wote. Wanasema kwa pamoja, wanagongana. Hapo RTS inasaidia: mteja anaomba ruhusa kwanza, AP inajibu kwa sauti inayofika pande zote. `iw phy phy0 set rts 500`, na iwekwe kwenye kompyuta za wateja, kwa sababu wao ndio wanaogongana. Kuiweka kwenye AP peke yake ni kumpa dawa asiyeumwa. Mahali ambapo kila mtu anamsikia mwenzake, izime, ni mzigo tu.

Ping inaruka: 3, 4, halafu 180, halafu 90. Simu za video zinakatika. Ni muda gani nirekebishe?

Hiyo ni kadi kusinzia. Ikiona hakuna kazi inajizima na kuamka kusikiliza bikoni, na AP inashikilia pakiti zake mpaka hapo. Ndiyo maana ucheleweshaji unaangukia karibu na milisekunde 100 na 200. Zima:

iw dev wlan0 set power_save off

Ili ibaki hivyo, tengeneza faili ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/`, uandike `wifi.powersave = 2` chini ya kichwa `[connection]`. Namba 2 ni kuzima, 3 ni kuwasha. Wengi huweka 0 wakidhani wamezima. Kwa laptopu iliyochomekwa umeme hupotezi kitu. Ninakadiria kwamba amri hii moja ingefuta nusu ya maswali yanayonifikia.

Niwashe muda mfupi kati ya alama za data?

Huo ni wa kuacha mwangwi wa alama moja upite kabla ya alama inayofuata: nanosekunde 800 kwa kawaida, 400 kwa ule mfupi. Faida ni ndogo, kwa MCS 7 ya MHz 20 kasi inatoka 65 kwenda 72.2 Mbps. Ndani ya nyumba uache uwashwe. Nje, penye mabati mengi yanayorudisha mwangwi wa mbali, tumia mrefu. Kwa kuvuka maji hauna msaada, maana tofauti ya njia ni sentimita, na nanosekunde 400 ni mita 120.

Kwa Windows je?

Huruhusiwi kugusa muda wa ACK. Fungua Device Manager, sifa za kadi, kichupo cha Advanced. Kilichomo kinategemea draiva. Kwenye kichupo cha Power Management ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima kadi. Kujua modi ambazo draiva inaziweza, andika `netsh wlan show drivers` kwenye kidirisha cha amri. Na pakua draiva kwa mtengenezaji wa laptopu. Zile programu za "kusasisha draiva zote" zinaleta mengine.

Hotspoti ya 5 GHz haiwaki, au inachelewa dakika nzima. Imekufa?

Kama nchi haijawekwa, Linux inatumia kanuni za dunia nzima zenye alama 00, na kwenye 5 GHz zinakataza kuanzisha mtandao. Ukisoma ujumbe wa makosa utaona `NO-IR`. Weka `iw reg set TZ`, kisha `iw reg get` ikuonyeshe chaneli na nguvu zinazoruhusiwa. Usijifanye uko nchi nyingine ili upate nguvu zaidi, masafa ya hapa yana TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Ikichelewa dakika 1, umechagua chaneli ya DFS. AP inatakiwa isikilize rada kwa sekunde 60 kabla ya kusema neno. Subiri, au chagua chaneli isiyo na alama hiyo.

Nikizima na kuwasha, kila nilichoweka kwa `iw` kimepotea.

Ndivyo ilivyo. Amri za `iw` hazihifadhiwi popote, na kadi nyingine husahau hata baada ya laptopu kulala. OpenWrt inakumbuka yaliyopitia `uci`. Kwingine andika huduma ndogo ya systemd iziendeshe kadi ikiwaka.

Nikikwama, nikuletee taarifa gani?

Jina la kadi kutoka `lspci -nnk` au `lsusb`, toleo la keneli kutoka `uname -r`, `iw list` yote bila kukata, `station dump` ya pande zote mbili, na mistari ya `dmesg` kuanzia unapochomeka kadi mpaka kosa linapotokea. Kwa kiungo cha nje ongeza umbali uliopima, urefu wa kila mlingoti, na kama kinavuka maji, saa kilipoanguka. Futa nywila kabla ya kutuma. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa dirisha juu yake, nitakuomba uichape upya.